Daktari wa Kiponda Asiyetibu Mtu

Mwaka wa hamsini na sita, Muhiddin Shaame aliporudi Unguja kwa likizo ndefu ya chuo, aliteremka melini na sanduku moja, koti la sufu lisilokuwa na kazi yoyote katika joto la kwao, na jambo moja la kumwambia mama yake. Sanduku alilitua ukumbini. Koti alilitundika msumarini. Jambo alibaki nalo.

Tusimlaumu haraka. Nafasi yenyewe hakuipata, na kila alipoipata alijifanya hakuiona. Alikuwa hajanawa hata uso, Bi Sichana wa nyumba ya mkabala keshatoa kichwa dirishani. Vichochoro vya Kiponda ni vyembamba, na mtu aliye dirishani kwake, akitaka, anaweza kukupa mkono wa salamu wewe uliye dirishani kwako. Bi Sichana hakuwa na haja ya mkono. Sauti ilimtosha.

"Daktari karudi," alisema, akiuambia mtaa mzima. "Karibu baba. Mbona umekonda hivyo? Huko Makerere hamli?"

"Shikamoo Bi Sichana. Twala."

"Marahaba. Pumzika kwanza, halafu ntakuja uniangalie kiuno changu."

Mama yake, Bi Mwatima, alikuwa amesimama mlangoni na kofia anayoishona mkononi. Alitabasamu tu, tabasamu la mtu aliyesikia mwanawe akiitwa kwa cheo na hataki aonekane kuwa amesikia.

Hebu nieleze huo udaktari ulikotoka, maana hakuna aliyesema uongo. Muhiddin alipofaulu skuli na kuchukuliwa Makerere, kule Kampala, mama yake aliambiwa kuwa kijana anakwenda kusoma sayansi. Akauliza sayansi ni nini. Akaambiwa ni elimu ya miti, wanyama, dawa, moto, vyuma na mengineyo. Katika yote hayo Bi Mwatima alishika dawa. Kwani mtu akapasue vyura ugenini ili iweje, kama si kuja kutibu watu? Akamwambia Bi Sichana, na ukishamwambia Bi Sichana huna haja ya kumwambia mtu mwingine.

Wala hakukosea sana. Desturi ya chuo siku hizo ilikuwa kwamba wanafunzi wa sayansi huanza pamoja, wote wakisoma fizikia, kemia na elimu ya viumbe, halafu baada ya miaka miwili njia hugawika. Waliofanya vizuri huweza kwenda kwenye udaktari, na wengine huendelea na digrii ya sayansi. Muhiddin alifanya vizuri. Mlango wa udaktari ulikuwa wazi mbele yake, naye akaupita kama mtu anavyolipita duka la kinyozi ilhali ameshanyoa. Alikwenda kwa mwalimu wake akasema kuwa anataka fizikia, au fiziksi, kama wenyewe walivyokuwa wakiiita. Mwalimu akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

Hakika hiyo ilikuwa imara kabisa Kampala. Ilisafiri naye salama kwenye treni hadi Mombasa. Ilipofika Kiponda, mbele ya tabasamu lile la mlangoni, ikaanza kuyumba.

Ukitaka kujua alichokuwa akikiogopa, mjue kwanza Bi Mwatima. Alikuwa Mtumbatu, mjane, mshonaji wa kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka kofia nzima ikawa kama bustani. Kofia moja humchukua miezi, na watu walikuwa tayari kuingoja. Muhiddin alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali, baba yake yuko safarini baharini. Bi Mwatima akambeba mgongoni, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka daktari mmoja wa Kihindi akaacha chakula chake mezani akafuatana naye nyumbani. Mtoto akapona. Lakini kilichomkaa Bi Mwatima moyoni hakikuwa dawa. Ni namna watu walivyompisha yule bwana kichochoroni. Wachukuzi walijibana ukutani na magunia yao, waliokuwa wakigombana wakanyamaza, na watoto wakaacha mchezo. Siku ile alinuia kuwa mwanawe naye atakuwa mtu wa kupishwa. Tangu hapo hakuomba kingine katika dua zake ila afya na, mara mojamoja, Bi Sichana apunguze maneno.

Sasa mtu utamwendeaje mama kama huyo ukamwambia kuwa hutaki?

Wagonjwa wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mzee Kificho, muuza kahawa wa barazani, aliyevua makubadhi, akapandisha kanzu na kuuweka mguu wake wote juu ya mapaja ya Muhiddin.

"Goti hili," alisema. "Nkiinama linalia."

Muhiddin alilitazama goti kwa heshima. Alijua mambo mengi juu ya uzito, mhimili na nguvu, na yote hayo yalikuwemo ndani ya goti la Mzee Kificho, lakini namna ya kulinyamazisha hakuijua.

"Mzee, mie si daktari. Nenda hospitali."

Mzee Kificho alirudi barazani ameridhika kupita kiasi. Akawaambia wateja wake kuwa kijana wa Bi Mwatima ni daktari wa kweli, si wale wanaokimbilia kukupa vidonge kabla hujamaliza kusema, na tena hana majivuno, ati anasema yeye si daktari. Siku ya pili wagonjwa waliongezeka. Ukishaitwa daktari Kiponda, hata kutojua kwako huitwa uangalifu.

Na Muhiddin mwenyewe alipatwa na nini hata akaukataa udaktari? Alipatwa na chumvi.

Ilikuwa katika chumba cha majaribio, kule chuoni, madirisha yamefunikwa mapazia meusi. Wanafunzi walipewa chombo chenye darubini ndogo na kipande cha kioo kilichochorwa mistari myembamba isiyoonekana kwa macho, na kazi ya kioo hicho ni kuichambua nuru rangi kwa rangi. Wakaambiwa wauwashe moto wa gesi na kuutia chumvi. Si dawa ngeni ya Ulaya, ni chumvi hii hii ya mchuzi. Moto ulikuwa wa buluu, ukageuka manjano papo hapo. Muhiddin akainama kutazama kwenye darubini, akitarajia kuona upinde wa mvua. Aliona kiza, na katikati ya kiza mistari miwili ya manjano, miembamba mno, imesimama karibu karibu, kimya.

Mwalimu, Mwingereza mrefu aliyezoea kuongea na viatu vyake, alipita nyuma yao akisema kuwa chumvi hiyo ukiiunguza Kampala au London au mahali popote utakapo, mistari ile itasimama palepale, na kwamba hata katika nuru ya jua alama zake zipo. Wenzake waliandika. Muhiddin alisahau kuandika. Alikuwa ameila chumvi tangu kuachishwa ziwa, na hakujua kuwa ndani yake mna jambo kama lile. Alipotoka nje alikaa kwenye majani, katika ubaridi ule wa Kampala uliokuwa ukimkera kila siku, na hakuusikia. Alikuwa na furaha ya mtu aliyekaa na jirani miaka yote na leo ndio kalijua jina lake.

Baada ya hapo hakupona. Aliyapenda mahesabu yaliyowatoa wenzake jasho. Aliipenda ile kazi ya kupima kitu kimoja mara nyingi na kupata majibu yasiyolingana sawasawa, kisha kukaa na kufikiri ni wapi mkono ulipotetemeka. Alipenda hata harufu ya chumba kile, ya shaba na nta. Kwenye darasa la viumbe alifanya kila alichotakiwa, akapata alama nzuri, na akitoka humo hakukumbuka kitu.

Rafiki yake Simai, kijana wa Nungwi aliyesafiri naye meli moja, alikuwa kinyume chake. Simai ndiye aliyeingia kwenye udaktari, na kwa moyo wake wote. Alipokuja mjini kumtembelea rafiki yake alimkuta ukumbini, Bi Sichana amekaa mbele yake akieleza kiuno.

"Kinaanza hapa," alikuwa akisema, "kinateremka, halafu kinanipa nafasi kidogo, kisha kinarudi."

"Ukikaa sana ndio kinazidi, au ukisimama?" akauliza Simai, ambaye hakuweza kujizuia.

Bi Sichana akamgeukia. "Wewe kijana, ngoja. Nnazungumza na daktari."

Simai akangoja. Bi Sichana alipoondoka, ameshauriwa kwenda hospitali na amefurahi kama Mzee Kificho, Simai alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Yakhe, bado hujamwambia mama?"

"Bado."

"Unangoja nini? Upate zahanati?"

Muhiddin alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Akikataa je? Mie siwezi kupanda meli bila ya radhi yake, Simai. Unajua siwezi."

Simai alijua. Kwa watu wa kwao radhi ya mama si maneno ya kuagana tu. Mtoto anayeondoka mamake hakuridhika naye, hata akifaulu, kufaulu kwake hakuna ladha, na kila baya litakalompata watu watajua limetoka wapi. Muhiddin angeweza kusoma elimu yote ya dunia na bado asingethubutu kukanyaga ngazi ya meli bila ya hiyo. Mbele yake basi palikuwa na njia mbili: apate radhi ya mama aende na fizikia yake, au aikose, arudi Kampala akaombe kuingizwa udaktari, awe daktari wa magoti na viuno umri wake wote.

Alimwambia siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mama akiwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, penye mwangaza mzuri wa kushonea.

"Mama, nna neno."

"Sema."

"Nkirudi Makerere sisomi udaktari. Nshawaambia wenyewe. Nnasoma fiziksi."

Sindano iliendelea. "Ndio dawa gani hiyo?"

"Si dawa. Ni elimu ya vitu vilivyo. Nuru, joto, sauti, umeme. Na vitu vinavyoanguka."

"Vinavyoanguka." Sindano ikasimama. "Na vikishaanguka, wewe unavifanya nini?"

"Navipima."

Bi Mwatima alimtazama mwanawe kwa huruma kubwa. Akaiweka kofia chini, mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya ila kwa sala au msiba.

"Nani kakutia jicho?"

"Hapana mtu, mama."

"Pana mtu. Mtoto katoka hapa na akili zake. Kila siku daktari, daktari, dirisha zima linapiga kelele, wala hapana anayesema mashaallah." Alitupa jicho upande wa nyumba ya mkabala. "Nlijua tu."

"Mama, mie nataka radhi yako. Bila ya hiyo sendi."

"Radhi si halua nikukatie kipande. Kaa hapo kwanza nikuzingue, jicho likutoke."

Basi Muhiddin Shaame, aliyemaliza miaka miwili ya sayansi katika chuo kikubwa cha Afrika ya Mashariki, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi uani, mikono magotini. Mama yake alileta chumvi gao zima la mkono na pilipili kavu. Alimzungushia kichwani huku akisoma, mara kadhaa kulia, mara kadhaa kushoto, akimpitisha mkono mabegani na miguuni. Makaa yalikuwa yamewaka vizuri kwenye jiko, na vindimi vya buluu vilikuwa vikicheza juu yake.

Lazima niseme jambo moja kwa asiyejua. Kazi hii ina kipimo chake. Pilipili ikiungua motoni isinuke, watu wakakaa bila ya kukohoa, hapo jicho lipo, na moto ndio umelila. Ikinuka, ikawapalia watu, basi jicho hamna, na linalomsumbua mtu linatoka kwake mwenyewe. Bi Mwatima aliwafanyia hivyo nusu ya watoto wa Kiponda, na hakuwahi kubishana na pilipili.

Akatupa. Chumvi ililia kwenye makaa, tatata, na vile vindimi vya buluu vikaruka vikawa manjano, manjano yaleyale.

Muhiddin alisimama. "Umeiona, mama? Hiyo rangi umeiona? Hiyo ndiyo iliyonichukua. Hii, hii chumvi, nlikuwa nnaitazama kule..." Alikuwa akicheka, na akiionesha kwa vidole, na akitafuta maneno ya Kiswahili kwa mambo aliyofundishwa kwa Kiingereza, na hakuwa na habari kabisa kuwa yuko kwenye kuzinguliwa. Mama yake hakutazama moto. Alimtazama yeye.

Kisha pilipili ikapata moto. Muhiddin alikohoa, Bi Mwatima akapiga chafya, akakohoa, akajifunika uso kwa kanga. Paka alikimbia. Kutoka dirisha la mkabala ikasikika sauti ya Bi Sichana ikikohoa na kulalamika kwa pamoja.

"Nyie mnachoma nini? Mnataka kutuua?"

Walipopata pumzi, macho yakiwatoka machozi, Bi Mwatima alikaa chini polepole.

"Inanuka," alisema.

"Inanuka sana, mama."

"Basi hamna jicho."

"Hamna."

"Ni wewe mwenyewe."

"Ni mie mwenyewe, mama."

Bi Mwatima aliendelea kujifuta macho muda mrefu kuliko pilipili ilivyohitaji. Kipimo alikifanya kwa mkono wake mwenyewe, na jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Lakini kuna kujua na kuna kukubali, na kati ya mawili hayo mtu ana haki ya kupumzika.

"Wacha nifikiri," akasema, akaokota kofia yake.

Alifikiri kwa siku nyingi, na kwa kimya. Mtaa uliendelea kumwita mwanawe daktari, na yeye hakuukanusha. Muhiddin alikwenda sokoni, akarudi, akala, akasaidia kuchota maji, akasoma vitabu vyake chumbani, na kila alipopita ukumbini alimtazama mama yake usoni kama anavyotazama mtu mawingu kabla ya kuanika nguo. Hakuona kitu. Hata hivyo hakuwa na huzuni. Alilolibeba alikuwa ameshalitua, na sasa lilikuwa la wawili.

Asubuhi moja mama akamwita kutoka kwenye mkeka wake.

"Muhiddin."

"Naam."

"Njoo. Ile chumvi, ulicheka nini?"

Akakaa, akamweleza. Alimweleza chumba chenye mapazia meusi, kioo chenye mistari isiyoonekana, na mistari miwili ya manjano kizani. Bi Mwatima alisikiliza huku akitoboa kitambaa kwa sindano yake nene. Kofia ilikuwa mpya, ndio kwanza inaanza, vitobo vyake vichache, kimoja huku na kingine kule. Muhiddin aliona kuwa maneno hayafiki, akasita. Kisha akatazama kitambaa kile, akatazama jua linaloingia mlangoni.

"Nipe kidogo, mama."

Alikinyanyua kitambaa juu, kwenye jua, hatua moja kutoka ukutani. Kivuli chake kikaanguka ukutani, na ndani ya kivuli madoa madogo ya nuru, ya mviringo, yamekaa kama sarafu.

"Vitobo hivyo," akasema Bi Mwatima.

"Ndivyo? Tazama vitobo vyenyewe. Hiki kimechanika pembeni, hiki kirefu. Mbona ukutani vyote mviringo?"

Bi Mwatima alikitazama kitambaa, akatazama ukuta, akarudi kwenye kitambaa. Alikuwa mtu wa kutoboa vitobo tangu usichana wake na hakuna awezaye kumdanganya kuhusu kitobo. Kilichochanika kilikuwa kimechanika kweli. Ukutani kilikuwa mviringo safi.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si picha ya kitobo. Ni picha ya jua. Kila kimoja ni jua zima."

Akakichukua kitambaa mwenyewe. Alikisogeza mbali na ukuta, madoa yakakua. Alikirudisha, yakapungua. Alikigeuza, akakiinamisha. Chai ilipoa pembeni yake. Muhiddin alikaa kimya, maana alimtambua mtu aliyesahau kuandika.

"Miaka yote hii," alisema Bi Mwatima mwishowe, "nalikuwa nikishona na majua yamenijaa chumbani." Akarudi kwenye kazi yake. Hakusema zaidi, na radhi hakuitoa. Lakini siku ile, kila baada ya muda, Muhiddin alimwona akikinyanyua kitambaa kwenye mwangaza, peke yake, kisha akikishusha haraka kama aliyefumaniwa.

Likizo ikaisha. Siku moja kabla ya meli, Bi Mwatima alialika wanawake wa mtaani nyumbani kwake alasiri kwa dua ya safari, kama ilivyo ada. Walijaa chumba kizima, kanga kwa kanga, harufu ya udi ikitoka mpaka nje. Wanaume hawaingii. Muhiddin alikaa chini ya ngazi, upande wa pili wa pazia, pamoja na Simai aliyekuja na sanduku lake tayari kwa safari ya kesho. Kazi yao ilikuwa kupokea sinia tupu na kupitisha zilizojaa. Sanduku la Muhiddin lilikuwa limefungwa kamba, lakini yeye mwenyewe hakujua bado kama anakwenda, na kama anakwenda, anakwenda kusoma nini. Asubuhi ile alimwomba mama yake radhi tena. "Subiri," alimwambia, akampa nazi akune.

Dua iliongozwa na Bi Tabia, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha Muhiddin alifu zake za kwanza na kumfinya sikio alipozikosea. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikuwa na haraka. Alimwombea msafiri salama ya baharini na barani. "Amin," wakaitikia wanawake. Akamwombea afya na chakula kizuri. "Amin." Akamwombea akingwe na kila hasidi. "Amin," na hapo sauti ya Bi Sichana ilizidi zote.

"Na umjaalie, ya Rabbi," akasema Bi Tabia, "awe daktari mkubwa, atutibu sisi na watoto wetu."

Muhiddin alifumba macho. Alijua kinachofuata. Chumba kizima cha wanawake wangeitikia, na mama yake miongoni mwao, na dua ya mama hairudi. Basi yamekwisha, alijiambia. Ntakuwa daktari. Alijaribu kuyazoea maneno hayo palepale chini ya ngazi, na hayakumkaa.

Sauti moja mbili zilianza kuitikia, zikakatika.

"Bi Tabia, niwie radhi," ilisema sauti ya Bi Mwatima. "Hapo wasiitikie."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Rudi nyuma kidogo, hapo pa udaktari. Muhiddin hasomi udaktari."

Kiponda haijapata kunyamaza hivyo. Hata kwenye msiba watu huzungumza.

"Hasomi udaktari?" aliuliza Bi Sichana. "Na kiuno changu?"

"Kiuno chako mpelekee Simai, yuko hapo nje. Yeye ndiye daktari, na wewe ulimwambia anyamaze."

Simai akauma ukucha ili asicheke. Ndani, mtu alicheka kidogo, akajirudi. Muhiddin alikuwa amelishika pazia bila ya kujua.

"Haya," alisema Bi Tabia kwa upole. "Basi nimwombee nini?"

Muhiddin aliweza kumsikia mama yake akivuta pumzi.

"Fiziksi," alisema Bi Mwatima. Alilitamka polepole, kama anayeweka kikombe cha watu mezani. "Mwombee fiziksi. Anasoma nuru, inakotoka na inavyokwenda. Mie pia sikuwa nikijua kama ni kitu cha kusomwa. Nimeoneshwa, nimeona. Kaichagua mwenyewe, hakusukumwa na mtu wala jicho, na mie mama yake nimemridhia, duniani na akhera. Sasa na nyie itikieni."

Bi Tabia alikohoa, kwa sababu katika umri wake wote wa kuomba hakuwahi kuombea kitu hicho.

"Ya Rabbi," akasema, "mjaalie Muhiddin mwana wa Mwatima afaulu fiziksi."

"Amin," alisema Bi Mwatima peke yake, wa kwanza, kwa sauti kubwa. Kisha wakaitikia wote. Muhiddin, upande wa pili wa pazia, alikuwa na furaha hata akasahau kuitikia dua yake mwenyewe, na Simai akamwitikia.